Kishona Nguo na Jirani Zake

Haya wapwa zangu, sogeeni karibu. Aliye mbali asogee. Aliyevaa soksi anyooshe mguu, tutazame alichorudi nacho kutoka shuleni.

Mmekiona? Kile kijiti cheusi, chembamba, kimejichomeka kwenye soksi na hakitaki kutoka. Jana mama alikichomoa kimoja, leo kimekuja kingine. Mama anauliza, "Mtoto huyu anapita wapi?" Unapita njia ile ile ya kila siku. Na mwenye kijiti naye anakungoja pale pale.

Anaitwa kishona nguo. Wengine humwita kichoma nguo. Wakulima hawampendi, maana huota shambani bila kualikwa. Mimi nampenda. Na kwa kuwa leo nimepata watoto wenye masikio, nitanyamaza kidogo aseme mwenyewe.

"Habari zenu, watoto," anasema kishona nguo.

"Nzuri," mnajibu.

"Kila siku mnanipita mbio. Mnanijua kwa mbegu zangu tu, kwa sababu zinawachoma. Je, ua langu mmeshaliona?"

"Tumeliona. Ni dogo. Katikati ni la njano, pembeni lina petali nyeupe."

"Ni maua mangapi hayo?"

"Ni moja."

"Moja?" anauliza kishona nguo, na hapo anacheka mpaka majani yanatikisika. "Rudini mtazame tena. Chumeni kichwa kimoja. Sisi tuko wengi, hatutakasirika. Kipasueni katikati kwa ukucha, taratibu. Mnaona nini?"

Pasua basi. Usiogope. Ile sehemu ya njano uliyodhani ni kitu kimoja, sasa inaachana. Ndani mna vijibomba vidogo vidogo, vimesimama vimebanana. Chukua kimoja, kiweke kwenye kiganja, usogeze jicho. Mdomoni kimegawanyika ncha tano. Ndani yake mna chavua, ule unga unaokupaka kidole rangi ya njano. Chini yake pana kijimbegu kinachoanza kukua.

"Hicho kijibomba," anasema kishona nguo, "ndicho ua. Ua zima, lenye kila kitu chake. Hapo kichwani pangu wamekaa makumi ya ndugu, nyinyi mkahesabu mmoja."

Naona mmoja wenu kainua mkono. Uliza, mwanangu.

"Kama vijibomba ndiyo maua, hizi nyeupe za pembeni ni za nini?"

Swali zuri! Kuna watu wazima wamepita njia hiyo miaka na miaka hawajauliza swali hilo. Kishona nguo, mjibu.

"Hizo nyeupe nazo ni maua, lakini hayazai mbegu. Kazi yake ni kuita."

Kuita nani? Hapa ngoja niingie mimi, mjomba wenu, nieleze kwa jambo mnalolijua. Mmewahi kuona kibanda cha mama ntilie pale stendi? Mama ana chapati, ana maharage, ana chai ya tangawizi. Lakini akikaa kimya nyuma ya mabati yenye kutu, nani atajua? Basi anapaka ubao rangi, anautundika mbele, abiria wanauona kutoka mbali. Hizo nyeupe za pembeni ndizo ubao wa mama ntilie. Chai yenyewe ni maji matamu yaliyo chini ya kila kijibomba. Mteja ni nyuki. Nyuki anaona ubao, anatua, anakunywa. Je, analipa nini? Hana pesa. Lakini anapokunywa, chavua inamganda miguuni na tumboni. Akienda ua la pili anaiacha kidogo kule. Hayo ndiyo malipo. Chavua ya ua hili ikifika kwa ua lile, mbegu hutunga.

Maua mengi mtakayoyaona leo na kesho ni vibanda vya namna hiyo. Vibanda havifanani, kwa sababu wateja hawafanani. Shikeni hilo, tutalihitaji mbele.

Sasa tazameni tena ile mbegu ya kwenye soksi. Kwenye ncha yake ina vimiiba viwili, au vitatu, pengine vinne. Na kila kimwiba kina vijino vilivyogeukia nyuma. Ndiyo maana kuingia ni rahisi na kutoka ni taabu. Kishona nguo hana miguu, kwa hiyo anatumia ya kwako. Anatumia ya mbuzi, ya mbwa, hata ya mwalimu. Asili yake ni Amerika, ng'ambo ya bahari. Leo yuko Tanga, yuko Kisumu, yuko Bujumbura, yuko Goma, na hajawahi kulipa nauli.

"Ahsanteni kwa kuninyooshea mguu," anasema, na hapo ananyamaza.

Mmejifunza nini mpaka hapa? Jina lake mlilijua tangu zamani. Lakini ua lenyewe mmeliona leo. Kwa hiyo mimi huwaambia watoto hivi: tazama kwanza, jina baadaye. Mtoto anayekimbilia jina hulipata, akaliweka mfukoni, akaondoka. Mtoto anayetazama huliona ua, na hata jina likipotea bado analijua.

Twende kwa jirani wa pili. Huyu mnamla.

Ndiyo, mnamla! Mgagani. Bibi anauchuma, anauchemsha kupunguza uchungu, anautia nazi. Kule bara wengine huutia maziwa. Lakini nani kati yenu amewahi kutazama ua la mgagani? Bibi huuchuma mapema, majani yakiwa laini, kwa hiyo ua halipati nafasi. Mwombe bibi akuachie mche mmoja tu pembeni ya bustani. Mwambie ni kwa ajili ya masomo. Atakubali.

Ukichanua, chuchumaa. Gusa shina kwanza. Linanata kidogo, sivyo? Lina vinyweleo, na vidole vyako vitabaki na harufu kali. Majani yake huja matano matano, yote yakitokea kwenye kikonyo kimoja, ingawa mara nyingine utakuta matatu. Sasa hesabu petali. Moja, mbili, tatu, nne. Nne, nyeupe, na wakati mwingine zina uwaridi kwa mbali. Halafu angalia kitu cha ajabu. Zile nyuzi zinazobeba chavua, ambazo mwalimu wenu anaziita stameni, hazikukaa chini pamoja na petali. Katikati ya ua kumechipuka kijiti kirefu, na stameni sita zimechomoza juu ya kijiti hicho, hewani kabisa. Na juu zaidi ya hapo ndipo tunda jembamba linapokua. Si maua mengi yenye mpango huo. Ukishaliona mara moja, hutalisahau.

"Mjomba, rafiki yangu wa Kisii anasema mmea huo ni chinsaga. Na Mjaluo anauita dek. Nani amekosea?"

Hakuna aliyekosea. Hongera kwa kuuliza rafiki zako, hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kila watu wameuita mmea kwa lugha yao, na majina yote ni mali yetu. Ila watu wa sayansi walipata shida. Wakiandikiana barua, mmoja anasema mgagani, mwingine anasema dek, hawajui kama wanasema mmea mmoja. Basi Mswidi mmoja aitwaye Carl Linnaeus akachapisha kitabu mwaka 1753, akaupa kila mmea alioujua jina la maneno mawili ya Kilatini. Mpaka leo dunia nzima inafuata utaratibu huo. Mgagani wetu wakauita Cleome gynandra. Siku hizi wengine wanaandika Gynandropsis gynandra. Mnaona? Hata wataalamu hutazama tena, wakabadili.

Jina la Kilatini litakusaidia ukubwani, ukisoma vitabu. La bibi litakusaidia leo. Andika yote mawili ukiyapata.

Sasa funga macho. Ndiyo, funga. Kuna mimea unayoweza kuitambua kwa vidole.

Nenda pale uani kwenye mrehani. Shika shina lake, lizungushe kati ya kidole gumba na cha shahada. Linabiringika vizuri? Hapana. Linagonga, linagonga, linagonga. Lina pembe nne! Shina la mrehani ni la pembe nne, na la mnanaa ni hivyo hivyo, kwa sababu ni ndugu wa ukoo mmoja. Na ukoo huo una jamaa mmoja mrefu anayekaa kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyoachwa. Anaweza kumzidi baba urefu. Shina lake limepita katikati ya mipira ya miiba, mpira mmoja, kisha nafasi, kisha mpira mwingine, mpaka juu. Kwenye kila mpira yanatokeza maua ya rangi ya chungwa, marefu, yenye manyoya laini. Shika shina lake uone: pembe nne.

Nani mteja wa kibanda hicho? Nyuki mdogo atafikaje chini ya bomba refu namna hiyo? Kaa kimya mita chache kutoka pale, asubuhi. Atakuja ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda. Chozi. Anachomeka mdomo ndani ya bomba, anakunywa, na akichomoa kichwa, paji la uso limepakwa chavua. Bomba refu, mdomo mrefu. Kibanda kimejengwa kwa kipimo cha mteja.

Wataalamu humwita jamaa huyo Leonotis nepetifolia, na asili yake ni hapa hapa Afrika. Kwa lugha za nyumbani ana majina mengi, na nyinyi mtanisaidia kuyakusanya.

Sasa nitazungumza polepole, maana hapa pana hatari.

Mnavu mnaujua? Mboga ile yenye majani ya kijani iliyokolea. Ua lake ni dogo, jeupe, petali tano zilizochongoka. Katikati stameni za njano zimekusanyika pamoja, zimesimama wima. Likishakukaa machoni, nenda ukatazame ua la nyanya. Petali zimechongoka vilevile, ila ni za njano, na katikati zile stameni zimekusanyika vilevile. Nenda kwenye bilinganya. Rangi ni zambarau, umbo ni lile lile. Nenda kwenye pilipili. Wote ni ukoo mmoja. Mtoto mmoja aliponiambia, "Kumbe nyanya na mnavu ni ndugu!" nilifurahi sana, maana hakuambiwa na mtu, aliona mwenyewe.

Lakini katika ukoo huo huo yumo mnanaha. Mnanaha huota jalalani, kando ya zizi, kwenye viwanja vilivyo wazi. Ua lake ni tarumbeta refu jeupe, zuri sana. Hulala mchana, hufunguka jioni jua likizama. Mnakumbuka vibanda? Wapo wauza supu ya alfajiri, na wapo wauza chipsi wa usiku. Mnanaha ni wa usiku. Mteja wake ni nondo, anayeruka gizani na ulimi mrefu uliojikunja. Ndiyo maana ua ni jeupe na linanukia: rangi nyekundu gizani nani ataiona? Tunda lake ni la mviringo, limejaa miiba, likikauka hupasuka likamwaga mbegu nyingi.

Mbegu hizo ni sumu. Majani ni sumu. Ua ni sumu. Anayekula hukauka mdomo, huchanganyikiwa, huona visivyokuwepo, na anaweza kufa.

"Lakini Mjomba, umesema ni ndugu wa nyanya?"

Nimesema, na ni kweli. Umenishika pazuri. Ndugu wa mboga si lazima awe mboga. Kwa hiyo sheria yetu ni moja, nayo haina mzaha: macho yatazame, vidole viguse, pua inuse, ulimi ukae ndani ya mdomo. Hata mimea mnayoila nyumbani, aichume mtu mzima anayeijua. Na ukigusa mmea usioujua, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Sheria hiyo itumieni pia kwa ua moja linalopanda vichakani wakati wa mvua, pwani na bara. Ni jekundu na njano, petali zimejikunja kwenda juu, stameni zimenyooka pembeni. Ncha za majani yake zimejikunja, na kwa ncha hizo hushika matawi ya wengine na kupanda. Linaitwa Gloriosa superba, na ndilo ua la taifa la Zimbabwe. Hakuna linalolishinda uzuri katika kichaka chetu. Nalo ni sumu kutoka ua mpaka kiazi chake kilicho ardhini. Lichore, usilichume.

Haya, tushuke ufukweni tupumue.

Hapa Tanga, kule Bagamoyo, Malindi, Unguja, popote penye mchanga mweupe, utaona mmea unaotambaa. Unaanza pale minazi inapoishia, unanyoosha mikono kuelekea baharini. Jani lake ni nene, na mwishoni limegawanyika mapande mawili. Ua lake ni la zambarau iliyochanganyika na waridi. Hesabu petali. Moja... Umekwama? Umekwama kwa sababu zimeungana zote zikawa faneli moja. Sasa fikiri. Wapi umeliona faneli hilo?

"Kwenye viazi vitamu!"

Mashaallah! Kwenye viazi vitamu, kwenye yale majani tunayoyaita matembele. Mmea wa ufukweni ni ndugu wa kiazi kitamu, wote kwa Kilatini ni Ipomoea. Njoo asubuhi utalikuta limefunguka. Ukija alasiri utalikuta limesinyaa. Na huyu tunapaswa kumheshimu, maana mizizi yake inashika mchanga usichukuliwe na upepo na mawimbi. Mbegu zake huelea juu ya maji ya chumvi bila kufa. Bahari inazibeba mpaka nchi nyingine, nazo huota huko. Ndiyo maana mmea huu uko kwenye fukwe za joto karibu dunia nzima. Wavuvi wakivuta mashua hukanyaga juu yake na unaota tena. Lakini ukichimbwa wote ili ufuko uonekane safi, mchanga unabaki bila mlinzi.

Kifauongo nitampitia haraka, kwa sababu mnamjua kuliko mimi. Ukimgusa, majani yanajifunga. Ukisubiri kidogo, yanafunguka. Chini ya kila jani dogo kuna kifundo kilichojaa maji. Ukigusa, maji hutoka upande mmoja wa kifundo, jani likalegea. Mnacheza naye kila siku. Ombi langu ni moja: siku moja msimguse. Tazameni ua lake badala ya majani. Ule mpira wa rangi ya waridi karibu wote ni stameni, nyuzi tupu. Petali zipo, ila ni ndogo mno, zimejificha ndani.

Sasa kaeni vizuri. Nimebakiza ua moja, nalo ni la hapa kwetu.

Katika milima ya Usambara, kwenye misitu ya Amani na kwingineko, kuna miamba yenye kivuli na unyevu. Kwenye nyufa za miamba hiyo limekaa ua dogo la zambarau. Majani yake ni ya mviringo, yana manyoya, yamepangwa duara kuzunguka shina fupi. Petali ni tano: mbili za juu ni ndogo, tatu za chini ni kubwa. Katikati pana vitone viwili vya njano. Liko kimya kabisa, na mtu mwenye haraka halioni.

Mwaka 1892 ofisa mmoja wa Kijerumani aliyekuwa akitawala sehemu hizi, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona. Akapeleka mbegu kwao Ujerumani. Mwaka uliofuata, 1893, mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia, kwa heshima ya huyo ofisa. Wajerumani hadi leo hulitaja kwa jina la Usambara. Likapandwa kwenye vyungu, likapendwa, likaenea. Leo liko madirishani Ulaya na Marekani, mabibi wa huko wanalimwagilia maji asubuhi. Watoto wao wanalijua. Wewe wa Tanga, wewe wa Muheza, wewe wa Lushoto, unalijua? Na wewe wa Kilifi, kwenu nako wapo ndugu zake kwenye miamba ya chokaa. Mwaka 2015 wataalamu walitazama tena, wakaliingiza katika ukoo wa Streptocarpus, lakini miamba yake ni ile ile.

"Mjomba, twende tukalichimbe tulipande nyumbani!"

Ninapenda hamu yako. Lakini sikiliza. Yale ya madirishani yako mamilioni, yanazaliwa kwenye bustani za kuuza maua. Ya porini ni machache, na baadhi ya aina ziko hatarini kutoweka. Miti ikikatwa, kivuli kinaondoka. Kivuli kikiondoka, mwamba unakauka. Mwamba ukikauka, ua linakufa. Ukiling'oa wewe, umeharakisha tu. Litazame, lichore, liache kwenye ufa wake. Msitu wenye ua hilo kwenye mwamba wake una thamani kuliko chungu chochote.

"Na maua yote yako mangapi, Mjomba?"

Nilikuwa nalisubiri swali hilo. Wataalamu wa mimea walianza kuchapisha vitabu vya mimea ya porini ya Tanzania, Kenya na Uganda mwaka 1952. Wakamaliza mwaka 2012. Miaka sitini! Waliotoa kitabu cha kwanza wengi wao hawakuona cha mwisho. Walikuta aina zaidi ya 12,000. Pale Nairobi, kwenye makumbusho, kuna nyumba yenye makabati yaliyojaa mimea iliyokaushwa, imebandikwa kwenye karatasi, na kila karatasi imeandikwa mahali, tarehe na jina la aliyechuma. Kazi kubwa hiyo ilifanywa kwa mmea mmoja, kisha mmoja tena.

Nawe unaweza kufanya hivyo. Chukua daftari, hata la zamani lenye kurasa zilizobaki. Chora ua, usijali uzuri wa mchoro. Andika umelikuta wapi: jalalani, mtaroni, ufukweni, chini ya mwembe. Andika ni saa ngapi, na kama lilikuwa limefunguka. Hesabu petali. Gusa shina, andika ni la mviringo au lina pembe. Vunja jani moja uone kama linatoa maziwa. Mchunga, ile mboga chungu yenye maua ya njano, hutoa maziwa meupe. Kisha kaa chini usubiri mteja. Hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote, na wengi huikosa kwa sababu ya haraka. Kaa muda wa kunywa chai. Atakuja nyuki, au kipepeo, au sisimizi mwizi anayekunywa bila kulipa. Mwandike naye.

Ukitaka kukausha ua, chagua la mimea iliyo mingi, kama kishona nguo. Liweke katikati ya gazeti, juu yake vitabu vizito, badilisha gazeti kila siku mpaka likauke. La nadra liache.

Wazazi na walimu mnaosoma pamoja na watoto, nina neno fupi kwenu. Mtoto akikuletea ua la njiani, usimwambie ni magugu tu. Mwulize lina petali ngapi. Kama hulijui jina lake, semeni pamoja, "Twende tukamwulize bibi." Wazee wanaojua majina hayo wanapungua, na kwenye kitabu cha Kilatini hayakuandikwa yote.

Basi wapwa zangu, kazi ni hii. Yule mrefu wa kando ya barabara, mwenye mipira ya miiba na maua ya rangi ya chungwa, mtafute wiki hii. Pima shina kwa vidole, msubiri chozi, halafu mwulize bibi au babu anaitwaje kwa lugha ya nyumbani kwenu. Andika jina hilo kwa wino, na chini yake andika jina la aliyekufundisha.